Daraja Nililolijenga kwa Mdomo

Kama Jumamosi iliyopita hukupata gazeti, au ulilipata likiwa limeshafungiwa sabuni dukani, sogea nikukumbushe kwa pumzi moja.

Gazeti letu la zamani lilifungwa. Meza yangu ilibebwa nami bado nimeegemeza viwiko. Nikarudi nyumbani na kikombe cha chai, kamusi, na ulimi uliozoea kuwauliza wakubwa maswali ya kuudhi. Wanawake wa mtaa wetu wakasema ulimi huo usiachwe uote kutu, wakanisukuma kugombea udiwani. Nikamwangusha Bwana Itifaki, mtu aliyekikalia kile kiti mpaka kikashika umbo lake.

Hapo ndipo nilipokuacha: nimeapishwa, nimevaa koti la kuazima, nacheka peke yangu kwenye ngazi za baraza la mji kama mwehu aliyekabidhiwa funguo.

Leo nakuungamia jambo jingine. Nilidanganya mbele ya umati. Uongo ukaniponyoka, ukaota miguu, ukaenda zake, ukarudi na lori la saruji.

*

Mambo yalianza pale mbunge wetu wa Bunge la Jimbo alipopata kazi nono ng'ambo akakiacha kiti wazi. Kiti cha siasa kikiwa wazi, msomaji wangu, hata mgonjwa hushuka kitandani.

Asubuhi moja Mwenyekiti wa tawi la chama chetu akabisha hodi nyumbani. Ni mtu mnene, mcheshi, hawezi kukupa salamu bila kuisindikiza na kicheko.

"Mwanangu," aliniambia, "udiwani ni ngazi. Umeona wapi mtu analala kwenye ngazi? Panda! Nenda Bunge la Jimbo."

"Mzee, pale barazani mimi bado mgeni. Hata choo chao nimekijua juzi."

"Basi taarifa ndiyo hii. Tangu umwangushe Bwana Itifaki, Gavana kamfanya mshauri wake. Sasa anagombea kiti hiki kwa chama chao. Unamwachia?"

Aa! Hapo alinitonesha kidonda.

Nikamtazama mume wangu, Baba Pacha. Yeye ni mpimaji katika idara ya ujenzi ya baraza hilohilo la mji. Ndiye anayechomeka vigingi mahali panapotakiwa kujengwa barabara, mitaro na madaraja. Ni mtu anayependa vitu vilivyonyooka, na bado alinioa mimi.

"Mimi sina neno," alisema, akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Kaka akisema hana neno, ujue ana kamusi nzima tumboni," alidakia wifi yangu. Huyu ni dada wa mume wangu, fundi cherehani, anaishi chumba cha uani na huongea pini zikiwa mdomoni. Kwenye udiwani alijiteua mwenyewe kuwa meneja wangu wa kampeni na hakuna aliyethubutu kumwondoa. "Wewe gombea tu, wifi. Nguo ya ushindi nimeshaikata."

Nguo ikishakatwa, utasemaje?

*

Kura za kumpata mgombea wa chama zilipigwa kwenye ukumbi wa shule ya msingi, ng'ambo ya mfereji mkubwa unaogawa mtaa wetu.

Mpinzani wangu alikuwa daktari wa meno. Mtu mzuri. Ana sauti ya redio na meno ya tangazo. Aliposhuka jukwaani watu walikuwa wanatabasamu bila kujua kwa nini.

Nikapanda mimi. Nikaanza kusoma takwimu.

Msomaji wangu, usije ukasoma takwimu ukumbini mchana wa jua kali. Safu ya kwanza ilianza kupiga miayo, ya pili ikadakia, nikawa naiona miayo inasafiri kuelekea mlangoni kama habari mbaya. Wifi alikuwa pembeni ya jukwaa ananionyesha ishara ya kukata shingo. Sikujua kama anamaanisha shingo yangu au ya hotuba.

Nikaitupa karatasi.

"Watoto wetu wanauvuka huo mfereji kwa mbao," nilisema. "Mnazijua zile mbao. Mvua ikinyesha mbao zinaelea, na watoto wanabaki nyumbani. Wanangu pacha ni miongoni mwao."

Miayo ikakoma.

"Tunajua!" alipaza sauti mama mmoja muuza mkaa, kutoka nyuma kabisa. "Sisi ndio tunaowabeba mgongoni! Wewe sema utafanya nini!"

Nilitaka kusema, "Nitauliza." Naapa. Neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, neno la kiungwana, neno la mwandishi wa habari.

Lililotoka ni hili: "Daraja litajengwa kabla ya mvua!"

Ukumbi ulilipuka.

Sijui kama umewahi kupigiwa vigelegele na ukumbi mzima. Kwa miaka yote ya uandishi nilikuwa nakaa benchi la nyuma, wanaopigiwa ni wengine, mimi naandika "umati ulishangilia" huku nimenuna. Sasa vilikuwa vyangu! Vilinipanda kichwani kama soda iliyotikiswa.

"Daraja la zege!" nikaongeza.

Vigelegele.

"Lenye kingo, mtoto asianguke!"

Wakasimama juu ya madawati.

"Na taa!" nikapiga kelele. "Taa mwanzo, taa katikati, taa mwisho!"

Kila nilipoongeza uongo vigelegele vilipanda, na kila vigelegele vilipopanda niliongeza uongo. Kama Mwenyekiti wa tawi asingeninyang'anya kipaza sauti huku akicheka mpaka machozi, ningeahidi hata treni.

Daktari wa meno alishindwa vibaya. Nilibebwa juu juu mpaka nje, kiatu kimoja kikaniacha njiani.

Na huko nje, ameegemea nguzo ya bendera, alikuwa akinisubiri Kidagaa.

*

Kidagaa ni mwandishi. Jina hilo nilimpa mimi alipoingia chumba cha habari, kwa wembamba wake. Nilimfundisha kazi mwenyewe. Gazeti letu lilipokufa alipata nafasi kwenye gazeti jingine, na sasa ndiye anayeandika habari za baraza la mji.

"Hongera, dada," alisema, kisha akajirekebisha. "Hongera, Mheshimiwa. Swali moja."

"Uliza, mwanangu! Uliza hata kumi!"

"Umesema daraja litajengwa kabla ya mvua. Nani analijenga?"

"Ee... serikali."

"Ipi? Ya mji au ya jimbo?"

"Zinashirikiana."

"Mkandarasi ameshapatikana?"

Na hapo, ndugu yangu, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema maneno ambayo nimeyacheka maisha yangu yote.

"Suala hilo liko kwenye mchakato."

Kidagaa akaacha kuandika. Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomtazama mwalimu wako umemkuta amelewa.

"Dada, si wewe uliyeniambia kwamba mchakato ni mahali viongozi wanapofichia kitu ambacho hakipo?"

"Nilisema hivyo?"

"Ulinifanya niandike mara mia."

Kesho yake ukurasa wa mbele ulikuwa na picha yangu nikiwa juu ya mabega ya watu, mdomo wazi, mguu mmoja peku. Juu yake maandishi makubwa: DARAJA KABLA YA MVUA? "LIKO KWENYE MCHAKATO."

Kichwa kizuri sana. Ningekuwa mhariri ningekipitisha bila kugusa hata nukta.

*

Mume wangu alililaza gazeti mezani, akalinyoosha kwa viganja.

"Daraja gani?"

"La pale kwenye mbao."

"Anayepima madaraja ya mji huu ni mimi."

"Ndiyo, Baba Pacha."

"Hilo sijalipima."

"Bado."

"Mama Pacha!"

Wifi alijifanya anatafuta pini sakafuni ili asipitwe na neno.

"Unajua nitakavyoonekana kazini?" aliuliza mume wangu. Hakuwa amepandisha sauti. Yeye akikasirika sauti hushuka, na hiyo ndiyo mbaya. "Watasema nimekuvujishia mpango. Nami nitawajibuje? Kwamba hakuna mpango, mke wangu kauota kwa sababu watu walipiga vigelegele?"

"Nitaomba radhi barazani. Kesho asubuhi."

Mlango ukafunguka, pacha wetu wakaingia na sare zao za shule. Kulwa akaning'ang'ania kiunoni.

"Mama, kweli litakuwa na taa?"

Doto naye: "Mwalimu ametuambia tulichore!"

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama kikombe. Wifi akajichoma pini.

*

Niliingia barazani nimejiandaa kufa kisiasa. Radhi yangu nilikuwa nimeipanga kichwani, fupi, haina neno mchakato.

"Mheshimiwa Spika," nilisimama, "naomba kusahihisha kauli yangu kuhusu—"

"Keti kwanza, Mheshimiwa. Kuna hoja ya dharura."

Akasimama diwani mmoja wa chama cha Bwana Itifaki, mwanamume anayesoma kila karatasi kama anatangaza mpira.

"Mheshimiwa Spika! Baraza hili liridhie, kwa msaada wa ofisi ya Gavana, ujenzi wa mara moja wa daraja la mfereji mkubwa, ambalo limekuwa ndoto ya miaka mingi ya ndugu yetu, Bwana Itifaki!"

Nilifikiri sikusikia vizuri. Nikamgeukia jirani yangu.

"Kasema daraja?"

"Si lile ulilotangaza wewe?" alininong'oneza. "Itifaki alipolisoma gazetini alichanganyikiwa. Anadhani umepata habari za ndani. Kamkimbilia Gavana usiku uleule: daraja liwe lao kabla halijawa lako."

Umeelewa, msomaji wangu? Mtu kaogopa nitampiku kwa daraja ambalo halipo, akaamua kulifanya liwepo!

Kicheko kilinianzia tumboni. Nikakibana, kikapanda kifuani. Nikakibana, kikatokea puani. Spika alipoita wanaounga mkono hoja, nilikuwa wa kwanza.

"Mheshimiwa," alisema Spika, "mkono mmoja unatosha."

Nilikuwa nimenyoosha yote miwili.

Hoja ikapita bila hata mmoja kupinga.

Nyumbani nilicheza jikoni na mwiko mkononi. Wifi hakucheza.

"Umetega wewe, nyama wanakula wao," alifoka. "Itifaki atakata utepe, Itifaki atapigwa picha, Itifaki atakwenda Bunge la Jimbo. Wewe utabaki na mwiko wako!"

"Watoto watavuka, wifi!"

"Watavuka wakienda kumshangilia nani?"

Nilimpigia Mwenyekiti wa tawi, nikitegemea naye atafoka. Wala. Alicheka kicheko chake kirefu.

"Usijali, mwanangu. Daraja ni daraja. Muhimu lijengwe."

Nikasema moyoni, huyu ndiye mwanasiasa wa kweli. Mtu asiye na choyo.

*

Malori yakaja. Saruji, nondo, kokoto. Mtaa mzima ulitoka kuyatazama kama harusi.

Nami nilikuwa kwenye kampeni, nyumba kwa nyumba, na furaha yangu ilikuwa haina breki. Watu hawakujali karatasi ya baraza inasema nini. "Daraja lako, Mama Pacha!" waliniita. Muuza mkaa yule alinikumbatia mpaka nguo ya ushindi ikawa nyeusi, na wifi akamnunia wiki nzima.

Kwa furaha ile sikuona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Mume wangu alirudi kila jioni buti zimejaa tope, akazisafisha uani, akala, akalala. Nilipomuuliza kazi ya daraja inaendaje alisema, "Inaenda." Nilipomwambia atuchoree sisi na pacha litakavyokuwa, alisema kalamu imeisha wino. Mpimaji! Nyumba yetu ina kalamu nyingi kuliko vijiko.

Mwandishi mzuri angeuliza swali la pili. Mimi nilikuwa mgombea. Niliuliza la kwanza, nikaondoka zangu nikiimba.

*

Siku ya kuweka jiwe la msingi nilitoka na wanawake wa mtaa, ngoma mbele, wifi katikati akiongoza kama askari wa barabarani. Tukashuka mpaka kwenye mbao.

Hapakuwa na mtu. Hakuna hema, kiti, wala jiwe.

"Wageni wamepotea njia," nilisema.

"Si hao kule?" muuza mkaa alinyoosha mkono.

Mahema yalikuwa mbali, mfereji ulikokata kona, mbele ya safu ya maduka mapya ambayo hayajapakwa rangi. Maduka hayo kila mtu alisema ni ya Bwana Itifaki, naye hajawahi kukana.

Ngoma zikanyamaza zenyewe. Tulitembea mpaka kule, na kadiri tulivyotembea ndivyo shule ilivyozidi kubaki nyuma yetu.

"Mtoto wa kuzunguka huku si atafika shule imefungwa?" alisema muuza mkaa, akihema. "Bora abaki na mbao zake."

Kidagaa alikuwa ameshafika, kamera shingoni.

"Mheshimiwa, uliahidi daraja hapa?"

"Niliahidi kule."

"Nani kalihamisha?"

"Hilo," nilisema, "ni swali zuri." Na safari hii sikuwa nakwepa.

Nilimwona mume wangu ukingoni mwa mfereji, koti lake la kazi linang'aa juani, vigingi vimepangwa mbele yake vimenyooka kama meno ya daktari yule. Nikamwendea karibu kukimbia.

"Baba Pacha, nani kavihamisha hivi vigingi?"

Akaanza kukunja kamba yake ya kupimia.

"Niambie. Nikipanda pale jukwaani nitamtaja mbele ya Gavana."

"Basi nitaje mimi," alisema.

"Acha utani."

"Vigingi nilivichomeka mimi, Mama Pacha. Kwanza nilivichomeka pale kwenye mbao. Nikaambiwa niving'oe nivilete huku. Nikakataa. Nikaambiwa mke wangu anatafuta kura, na mume anayeleta ukaidi kazini atamharibia mkewe. Nikaona wewe una furaha, unaimba mpaka bafuni. Nikaving'oa."

"Nani kakwambia hivyo? Itifaki?"

Akafungua mdomo. Kipaza sauti kikamfunika: "Tunamwomba Mheshimiwa Diwani, mama wa daraja letu, afike jukwaani mara moja!"

Wifi alishanikamata mkono. Nikaburutwa.

*

Jukwaa lilikuwa na pande mbili. Upande mmoja walikaa Gavana na watu wake, Bwana Itifaki akiwa wa kwanza kwa tabasamu. Upande wa pili niliwekwa mimi mbele, na nyuma yangu wakaketi wifi na Mwenyekiti wa tawi, aliyekuwa akijipepea na ratiba na kucheka na kila mtu.

Gavana ni mrefu, ananukia duka zima la manukato. Aliposimama, watu walisimama. Aliposhusha mkono, wakaketi.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimemsoma huyu diwani wenu tangu akiwa mwandishi. Alinitukana vizuri sana."

Wakacheka. Nami nikacheka, aibu ikiniwasha masikioni.

"Mtu mwenye mdomo kama huu hafai kupotea kwenye makelele ya uchaguzi. Mbele yenu namteua, kuanzia leo, Msemaji wa Serikali ya Jimbo! Ofisi, gari, dereva! Mheshimiwa, simama utuambie kama umekubali."

Bwana Itifaki alipiga makofi kuliko wote. Lazima apige! Nikikubali, kiti cha ubunge ni chake.

"Gari, wifi!" Pumzi ya moto ya wifi ilinifikia shingoni kutoka nyuma. "Gari na dereva!" Kisha: "Usikubali!" Kisha: "Au kubali kwanza, tukate shauri nyumbani!"

Nikashika kipaza sauti. Chini nilimwona Kidagaa kalamu juu, muuza mkaa mikono kiunoni, na pacha wangu kwenye mstari wa shule, wameshika michoro yao ya daraja lenye taa za njano.

Nikisema vigingi vimehamishwa, watauliza nani kavihamisha. Jibu lina koti linalong'aa, na ndiye baba wa watoto wangu.

Nikikubali gari, siulizwi kitu maisha yangu yote. Kazi yangu itakuwa kusema mchakato.

"Ndugu zangu," nilisema, "nilidanganya."

Ukimya ulioshuka, msomaji wangu, ungesikia wifi akimeza mate.

"Siku ile ukumbini sikuwa na daraja. Nilikuwa na mdomo tu."

Mtu mmoja akacheka. Wa pili akamfuata. Kicheko kikaenea, si cha dharau, cha watu waliokuwa wanajua muda wote.

"Tulijua!" alipiga kelele muuza mkaa. "Lakini lilikuwa zuri!"

"Lilikuwa zuri!" nami nikapiga kelele. "Nalo lilikuwa kule kwenye mbao! Hili hapa silijui. Hili linavusha watu kwenda madukani. Mheshimiwa Gavana, nashukuru kwa gari, ila watoto wetu hawatasomea ndani ya gari langu. Rudisheni vigingi!"

"RUDISHENI VIGINGI!" mtaa ukaitikia, ngoma zikafufuka, na mimi, Mungu anisamehe, nikaruka juu mbele ya Gavana wa jimbo zima.

Ndipo Bwana Itifaki alipokikwapua kipaza sauti kilichokuwa mezani kwao.

"Muulizeni aliyevipima!" alinguruma. "Muulizeni mumewe! Vigingi hivi vimechomekwa na mume wa huyu mama! Wanagawana kazi: mmoja anahamisha, mwingine analia!"

Ngoma zikafa.

Nyuso zote zilinigeukia. Muuza mkaa alishusha mikono kiunoni. "Mumeo?" aliuliza, polepole, kama ananiuliza mimi peke yangu.

Mimi, mwenye ulimi! Nilitafuta neno, lile la uongo na lile la kweli, yote yakanikimbia.

Kisha nikasikia buti kwenye ngazi za jukwaa.

Mume wangu alipanda. Msomaji wangu, huyu ni mtu ambaye siku ya harusi yetu alimwomba kaka yake aseme asante kwa niaba yake. Huyu akipigiwa simu hunipa mimi. Alikitoa kipaza sauti mkononi mwangu kwa upole, kama anavyowachukua pacha wakiwa wamelala.

"Habari za mchana," alisema.

Hakuna aliyeitikia.

"Ni kweli. Vigingi nilivichomeka mimi. Mke wangu hakujua mpaka leo, nimemficha. Kazi yangu imeisha, najua, na nyumbani sijui nitalala wapi." Akayageukia maduka. "Lakini sikuviota hivi vigingi. Niliagizwa. Na maduka haya si ya yule mnayedhani. Aliyeniagiza ndiye mwenye maduka, na yuko hapahapa jukwaani. Anaitwa—"

Vipaza sauti vyote vikazimika.

Sijui ni umeme, sijui ni mkono wa mtu. Mume wangu akaendelea kusogeza midomo bila sauti. Umati ukasogea mbele.

"Nani?" walipiga kelele. "Nani? Nani?"

Akakiweka chini kile kipaza sauti kisicho na faida, akainua mkono, akanyoosha kidole.

Bwana Itifaki aliinama kabla ya wakati. Kidole kikampita. Nilimwona akijipapasa kifuani, akajikuta salama, akageuka kutazama kinakokwenda, macho yamemtoka kuliko sisi sote.

Kikampita Gavana.

Kikaja. Kikaendelea kuja, upande wetu, mpaka nikakiona chote, ncha yake, tope chini ya ukucha. Kikapita juu ya bega langu. Kikasimama.

Nyuma yangu kiti kikaburutwa, na kwa mara ya kwanza hakikusindikizwa na kicheko.

Sikutaka kugeuka. Nikageuka.